Karne hii ina vitabu gani vya Kiswahili vya kubaki? Tutaje, tutetee

Msomaji wa Ngamiani (mleta mada)

Wakuu, salaam. Nimekuwa msomaji wa kimyakimya humu kwa muda mrefu, leo nimeona nifungue uzi kwa sababu jambo hili limenikaa rohoni tangu Julai 2024.

Mwezi ule gazeti la New York Times lilitoa orodha ya vitabu 100 bora vya karne ya 21. Waliwauliza watu 503, waandishi na wahakiki na watu wa vitabu, kura zikahesabiwa. Cha kwanza kikawa cha Elena Ferrante wa Italia, yule anayeandika kwa jina la kubuni. Chimamanda Adichie akakaa nafasi ya 27 na Americanah yake. Kitabu cha Kiswahili hakimo hata kimoja. Sikushangaa, maana sharti lao lilikuwa kitabu kiwe kimetoka Marekani kwa Kiingereza kuanzia Januari 2000. Uwanja wao, wameufagia wenyewe, wakakaa wenyewe, na ni haki yao.

Kilichoniuma ni kingine. Nilijiuliza, mtu akinisimamisha hapa Ngamiani, Tanga, akaniambia, haya, na nyinyi vyenu ni vipi? Nikajikuta nataja Rosa Mistika (1971), nataja Kuli (1979), nataja Shaaban Robert aliyefariki 1962. Vyote vya karne ya wazee wetu!

Na wazee wale walihesabiwa. Mwaka 1998 Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa, alitoa wazo kwenye maonyesho ya vitabu ya Zimbabwe kwamba Afrika ichague vitabu vyake 100 vya karne ya 20. Orodha ilitoka 2002 na Kiswahili kilikuwemo: Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, na Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert. Robo ya karne yetu imeshakwenda. Tukiitwa leo, tunabeba nini?

Masharti ni haya. Kitabu kiwe kimeandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo. Kiwe kimechapwa 2000 na kuendelea. Na wewe unayekitaja uwe umekisoma mpaka ukurasa wa mwisho, si kwa sababu ulikuwa na mtihani asubuhi yake.

Naanza mimi. HAINI ya Adam Shafi, 2003. Naiweka ya kwanza na nitaitetea mpaka uzi ufungwe.

Ni riwaya ya gerezani. Karume ameuawa Aprili 1972, Zanzibar watu wanakusanywa usiku, wanahojiwa, wanateswa. Adam Shafi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokamatwa kipindi kile, kwa hiyo haandiki habari za kusimuliwa. Ajabu yake ni kwamba kitabu hakipigi kelele. Hakuna hotuba. Unakaa ndani ya chumba na mtu, unahesabu naye siku, mpaka unasahau kwamba wewe uko nje.

Nilikisoma mara ya kwanza 2009, nikiwa mlinzi wa ghala. Nakala niliinunua kwa mzee mmoja wa vitabu vya mtumba aliyekuwa anatandaza turubai kando ya barabara. Jalada lilikuwa limeshikizwa kwa selotepu. Ndani, mtu aliyekisoma kabla yangu alikuwa amepiga mstari kwa kalamu nyekundu kila penye neno "mlango". Mlango, mlango, mlango, kurasa na kurasa. Nilidhani ni mchezo wa mtoto. Nilipofika katikati ndipo nikamwelewa: mfungwa anaishi kwa masikio, na kila mlango unapolia hajui unaleta uji au unaleta fimbo. Yule mtu asiye na jina alikuwa ameliona hilo kabla yangu, akaniachia alama. Mpaka leo sijapata mwalimu wa fasihi aliyenifundisha kitu kikubwa kuliko ile kalamu nyekundu.

Vingine nitavitaja kwa kifupi. Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001), ambamo mkubwa mmoja anayeitwa K anatokewa na babu yake aliyekufa, na babu hakuja kumbembeleza. Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila (2002), ngumu, niliisoma mara mbili na ya pili ndipo ikanifungukia. Kufa Kuzikana ya Ken Walibora (2003). Na kwenye ushairi, Dhifa ya Kezilahabi (2008).

Karibuni. Tubishane kwa hoja, tusivunjiane heshima.

Binti wa Likoni

Kaka Msomaji, uzi mzuri na mimi nimekaa kitako. Lakini rudi uhesabu uliowataja. Adam, Said, Kyallo, Ken, Euphrase. Wanaume watano, mwanamke hata wa dawa hakuna. Huu si uzi wa karne hii, huu ni uzi wa baraza la wazee.

Naleta Chozi la Heri ya Assumpta Matei, 2014. Najua utasema ni kitabu cha mtihani. Ni kweli, kilitahiniwa KCSE, mtihani wetu wa kidato cha nne huku Kenya, kuanzia 2018, na mimi ndiye niliyekifundisha, kidato cha tatu na cha nne, huku South Coast. Na hapo hapo ndipo napingana na sharti lako la tatu. Kwetu mtihani ndio mlango ambao riwaya inaingilia nyumbani kwa watu. Kuna nyumba nyingi ambazo kitabu pekee cha hadithi kilichomo ni kile ambacho mtoto alilazimishwa kununua. Mama anakifungua jioni akingoja wali uive, naye anasoma.

Kitabu kinaanza na Ridhaa, daktari, mtu aliyejijengea maisha mahali ambapo majirani wanamwona wa kuja. Uchaguzi unaharibika, nyumba inachomwa na familia ndani. Mwaka wa kwanza kukifundisha nilikuwa nasoma sehemu hiyo kwa sauti darasani. Kuna mvulana mmoja alikuwa akikaa nyuma karibu na dirisha, mtulivu, hasumbui. Akainua mkono. Nikadhani ana swali. Akasema, "Mwalimu, naomba nitoke." Akatoka, akasimama chini ya mwembe mpaka kipindi kikaisha. Baadaye mwenzake ndiye aliyeniambia kwamba familia yao iliteremka pwani kutoka Bonde la Ufa mwanzoni mwa 2008, na hawakuteremka wote.

Siku ile sikuuliza mbinu za uandishi wala usawiri wa wahusika. Nilifunga kitabu.

Tatizo langu si mtihani, tatizo langu ni miongozo. Mwanafunzi ananunua mwongozo, anakariri maudhui kumi na sifa tano za Ridhaa, anapata alama yake, na chozi lenyewe hajaliona. Kitabu kinauzwa kwa maelfu huku hakijasomwa. Hapo nakuunga mkono.

Na cha pili changu: Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon. Ilipata tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell ya 2018 ikiwa mswada, Mkuki na Nyota wakaichapa. Nyumba moja ya Zanzibar, baba ambaye neno lake halirudi, na watu wanaoishi chini ya neno hilo. Kisome halafu uniambie kama Haini pekee ndiyo riwaya ya gerezani.

Mwalimu wa Songea

Dada wa Likoni, sentensi yako ya mwisho nimeiandika kwenye daftari.

Mkuu mleta mada, mimi nina kesi. Vuta N'kuvute ya huyo huyo Adam Shafi imetoka 1999. Kwa masharti yako imebaki nje kwa mwaka mmoja! Yule Yasmin, binti wa Kihindi wa miaka kumi na tano anayeozwa Bwana Raza aliye sawa na baba yake, kisha anamkimbia na kuingia kwenye dunia ya akina Denge na siasa za kupinga mkoloni, ameishi zaidi karne hii kuliko ile. Wanafunzi wangu wa kidato cha tano na cha sita wamemsoma wote. Amil Shivji alimtengenezea filamu, ikaonyeshwa Toronto 2021. Kitabu kilichozaliwa saa tano usiku wa kuamkia mwaka mpya ni cha mwaka gani?

La pili. Mnataja vitabu kwa raha, ila mimi niliye huku Ruvuma nawaambia havionekani. Babu Alipofufuka nimekitafuta miaka mitatu. Duka la vitabu kwetu ni daftari, rula, vitabu vya kiada na vitabu vya dini. Riwaya ukiiona ni ile iliyo kwenye mtaala. Mkitaka orodha ya karne isiwe ya watu wa Dar na Nairobi peke yao, andikeni na mahali kinapopatikana.

Mzaliwa wa Ng'ambo, Maskati

Assalaam alaykum. Mie asili yangu Unguja, nipo Maskati mwaka wa ishirini na mbili huu. Nataka kuwaulizeni kitu kimoja tu: Peponi mnaiweka wapi?

Abdulrazak Gurnah kaiandika kwa Kiingereza, ikatoka 1994. Kapata Nobel 2021. Mwaka uliofuata ndiyo Mkuki na Nyota wakaitoa kwa Kiswahili, mfasiri Ida Hadjivayanis. Kwa Kiingereza ni ya karne ile. Kwa Kiswahili imezaliwa 2022.

Mie nilikuwa nayo zamani kwa Kiingereza na nilikuwa naiheshimu. Lakini niliposhika Peponi nilisoma kurasa za mwanzo nikahisi kama mtu aliyekuwa anatazama nyumba ya kwao kupitia dirisha la jirani, sasa kafunguliwa mlango. Yule mtoto Yusuf, babake kamtoa kwa tajiri kwa ajili ya deni, naye hajui, anadhani anakwenda kwa jamaa. Kwa Kiingereza neno ni moja tu, awe ndugu wa baba au ndugu wa mama. Kwetu huwezi kusema hivyo. Ami au mjomba? Mtoto wa pwani akikosea hapo keshakosea ukoo. Basi uongo anaodanganywa Yusuf kwa Kiingereza ni mwepesi, na kwa Kiswahili una uzito wa damu. Mfasiri hana pa kujificha.

Ndiyo nasema, tafsiri kama ile ni kitabu kipya. Muiweke.

Msomaji wa Ngamiani (mleta mada)

Nimesoma yote, ahsanteni sana.

Binti wa Likoni, umenishika pabaya na nakubali. Mungu Hakopeshwi nilikuwa nimeisikia tu. Sharti la mtihani nalilegeza hivi: taja cha shule, mradi utuambie kilikufanya nini nje ya karatasi ya maswali. Na kisa cha yule kijana chini ya mwembe kimenirudisha kwenye Kufa Kuzikana. Walibora aliandika urafiki wa Akida na Tim, marafiki wanaotoka kwenye jamii mbili zinazochinjana, akakichapa 2003. Miaka minne kabla ya ghasia za uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007. Mimi nilikisoma baada ya hayo yote kutokea, nikawa narudi kutazama mwaka ulioandikwa kwenye ukurasa wa mwanzo kwa kutoamini. Watu wanamsifu kwa Kidagaa Kimemwozea (2012), na kweli ni kizuri, hasa lile la Mwalimu Majisifu kuiba mswada wa kijana na kujipatia sifa kwa kalamu ya mwenzake. Lakini kwangu kitabu chake cha karne ni Kufa Kuzikana. Alifariki Aprili 2020 kwa ajali ya barabarani Nairobi, miezi mitatu tu baada ya Kezilahabi. Mwaka ule tulifiwa vibaya.

Mwalimu, Vuta N'kuvute hapana. Naipenda kuliko unavyodhani, ila tukivuta mpaka kwa mwaka mmoja, kesho atakuja mtu na Nagona ya 1990 na yeye tutamwambia nini?

Mzee wetu wa Maskati, hapa umenitia mtihani. Hoja ya ami na mjomba sijui niijibu vipi. Lakini nina hofu. Tukifungua mlango wa tafsiri, tutajikuta tunajivunia waliotambuliwa kwanza na wengine. Ngũgĩ aliandika Mũrogi wa Kagogo kwa Gĩkũyũ, ikaanza kutoka 2004, kisha akaitia mwenyewe kwenye Kiingereza 2006, dunia ikaifuata huko ilikotoka. Nataka na sisi tufuatwe hivyo.

Mzaliwa wa Ng'ambo, Maskati

Mwanangu, Gurnah hakutambuliwa na wengine kwanza. Katambuliwa na mamangu mzazi, aliyekuwa akimjua mtaani. Wengine wamechelewa tu.

Dereva wa Masafa

Samahani wakuu, mimi si mtu wa fasihi, ila ni msomaji. Naendesha semi kwenda Tunduma na kuvuka. Hapa mnataja vitabu ambavyo mimi sijawahi kuona mtu kavishika kwenye foleni ya mpakani.

Mimi nilivyoona, miaka ya 2000 mwanzoni waliosomwa ni akina Eric Shigongo, kwenye magazeti, kila wiki sehemu. Tulikuwa tunasubiri gazeti kama tunasubiri mshahara. Gazeti moja watu sita, anayejua kusoma vizuri anasoma, wengine tunasikiliza chini ya trela. Halafu Hussein Tuwa: Mkimbizi, Mfadhili, Utata wa 9/12. Utata wa 9/12 nilianza kuusoma saa mbili usiku, nikauweka chini kulipokucha, na siku ile niliogopa kushika usukani kwa usingizi.

Sasa hivi ni simu. Kuna vijana wanaandika hadithi WhatsApp na Facebook, sehemu ya 1 mpaka ya 60. Wanakupa kumi bure, zikinoga wanakuambia utume buku upate zilizobaki. Na watu wanatuma! Mimi natuma. Mnasema Watanzania hawasomi, mbona tunalipia? Hizo hazina jalada wala mchapishaji, basi si vitabu?

Binti wa Likoni

Kaka Dereva, umeleta jambo zito kuliko sisi sote tuliotangulia. Vitabu vingi tunavyoviita vya zamani vilianza vivyo hivyo, vipande vipande gazetini, au vikisomwa kwa sauti barazani. Tendi zetu zilisikilizwa kabla hazijawa kurasa.

Langu ni moja: hizo hadithi za simu zitakuwa wapi baada ya miaka ishirini? Simu ikiharibika, hadithi imekwenda. Haini ya kaka Msomaji ilipita mikono ikiwa na selotepu. Wewe ukitaka kunipitishia ile sehemu ya 45 iliyokuliza, utanipitishiaje?

Dereva wa Masafa

Nitakusimulia.

Mtu wa Vina

Mmesahau ushairi, mmetaja Dhifa tu mkapita. Nami Dhifa naikubali ingawa nimelelewa kwenye vina na mizani, na ugomvi ulioanza na Kichomi, diwani ya mashairi huru ya Kezilahabi, mwaka 1974 kwetu nyumbani haujaisha. Mjomba wangu hadi leo mashairi huru anayaita barua. Lakini waliotufuata wametuonyesha kwamba ugomvi ule si lazima. Someni N'na Kwetu ya Mohammed Ghassani, iliyopata tuzo ya Mabati-Cornell katika mwaka wake wa kwanza, 2015. Mtu yuko Ujerumani, anaandika kwa vina vilivyokaa sawasawa, na maumivu ni ya leo. Kisha Dotto Rangimoto, Mwanangu Rudi Nyumbani, tuzo ya 2017. Vijana hawa hawatungi ili waonyeshe wanajua kuhesabu mizani. Shairi linatembea, mizani unaigundua baadaye, kama mtu anayegundua kwamba alikuwa anapiga mguu kufuata ngoma.

Na kitu kingine, hakuna aliyetaja vitabu vya maisha. Mzee Mwinyi, Allah amrehemu, alituachia Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu, 2021, kwa Kiswahili chake kile kile tulichokuwa tunakisikia redioni. Wasifu mkubwa wa Mwalimu Nyerere, juzuu tatu za Issa Shivji na wenzake, umetoka 2020 kwa Kiingereza. Kazi kubwa, haina mfano. Ila mtu aliyetuambia Kiswahili ndicho chetu, bibi yangu wa Butiama hawezi kumsoma humo. Hili linanitoa machozi kweli, sisemi kwa kutania.

Mwalimu wa Songea

Mtu wa Vina, hapo kwa bibi umenimaliza.

Nimefanya jaribio leo. Niliwauliza wanafunzi arobaini na mmoja waandike kwenye kipande cha karatasi kitabu kimoja cha Kiswahili walichowahi kukirudia bila kuambiwa. Karatasi kumi na tisa zilirudi tupu. Tisa zimeandikwa Vuta N'kuvute (naomba ionekane kwenye kumbukumbu za uzi). Nne Watoto wa Mama Ntilie ya Emmanuel Mbogo, waliyoisoma wakiwa wadogo. Zilizobaki zimetawanyika. Karatasi moja imeandikwa: "Hadithi aliyokuwa anatusomea baba kwenye simu, sijui jina lake." Nikakumbuka Dereva.

Msomaji wa Ngamiani (mleta mada)

Wakuu, nimepitia uzi mzima toka juu. Orodha yangu imebadilika, naiandika kama ilivyo leo.

Haini bado ya kwanza. Mungu Hakopeshwi nimeipata kwa mtu aliyekuja kutoka Dar, nimeisoma siku tatu, na sasa iko karibu na Haini kuliko nilivyotarajia. Dada wa Likoni, lile la gereza ulisema kweli. Kuna vyumba vya nyumba ile nilivipita nikiwa nimebana pumzi. Kufa Kuzikana. Chozi la Heri. Babu Alipofufuka. N'na Kwetu nimeiongeza, na Dhifa inabaki. Bina-Adamu! imeshuka, si kwa ubaya, ila nilipojaribu kumweleza mke wangu kwa nini naipenda nilishindwa. Utata wa 9/12 nimeuingiza, kwa sababu kitabu kinachomfanya dereva asilale kina kitu ambacho wahakiki wetu hawajakipima.

Peponi. Nimekesha na hili. Naiingiza. Hoja ya ami na mjomba imenishinda, mzee wangu.

Vuta N'kuvute inabaki nje na roho inaniuma.

Mwalimu wa Songea, njoo PM unipe jina la basi linalolala Songea na namba ya wakala wa mizigo. Babu Alipofufuka ninazo mbili, moja ni yako na wanafunzi wako. Nitaweka na Haini, si ile ya kalamu nyekundu, ile niliiazimisha 2014 haikurudi, ni nyingine safi. Msiiweke kabatini kwa mkuu wa shule. Na mwanafunzi akikuta neno lake humo ndani, mwache apige mstari.

Dereva wa Masafa

Usilipe basi. Alhamisi napita Tanga kupakia, nashuka Makambako, na kutoka hapo nina mwenzangu wa kwenda Songea. Ila Haini nitaisoma njiani kwanza.